Mwalimu wa darasa la pili na safari ya ng'ambo: majibu kwa walimu wa Tanga

Tangu nilipoeleza hapa kwamba nilifundisha watoto wadogo miaka sita katika shule ya kimataifa Muscat, ujumbe haujakatika, mwingi wa walimu vijana wa mkoa wetu. Leo najibu maswali yanayojirudia zaidi.

Shikamoo Mwalimu. Nina stashahada ya ualimu kutoka Korogwe na miaka minne katika shule ya mchepuo wa Kiingereza. Shule ya kimataifa nje itanichukua, au naota? (Makorora)

Marahaba, mwanangu. Huoti, ila bila shahada utahangaika. Shule nyingi za kimataifa hutaka mwalimu wa darasa awe na shahada, na katika nchi nyingi ni serikali yenyewe inayoidai kabla ya kutoa kibali cha kazi. Mwalimu mkuu anaweza kukupenda mno, kibali kikamshinda. Kwa hiyo jiandikishe mapema. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa mwaka 1992, kina kituo hapa Tanga, na walimu wengi wamesomea humo huku asubuhi wakiingia darasani kama kawaida. Mimi ndivyo nilivyosoma, usiku, watoto wakishalala.

Miaka hiyo ya kusoma usiiache ipite bila alama. Hapa ndipo walimu wetu wanapopoteza, na huniuma. Tunafundisha vizuri, halafu hatubaki na kitu cha kuonyesha. Nilipokuwa darasa la pili kule Ngamiani nilikuwa na watoto 87. Tulihesabu kwa vizibo vya soda: kumi unavitoboa na kuvifunga kwa uzi wa katani, fungu moja ni kumi, mafungu kumi ni mia. Mtoto aliyekwama kwenye kutoa kwa kukopa alikuwa anafungua fungu kwa mkono wake mwenyewe, vizibo vinamwagika mezani, anaona ile kumi imekuwa moja moja kumi. Akishaona hivyo hakosei tena. Somo lile lingenifungulia milango miaka mitatu kabla, lakini sikuwa na andalio lake wala picha yake, maana zana zenyewe niliziacha kabatini nilipohamishwa.

Wewe anza leo. Hifadhi maandalio ya masomo matano unayoyaamini. Piga picha za zana, si za sura za watoto. Kwa ruhusa ya mzazi, weka nakala ya ukurasa wa daftari la mtoto wa Januari na wa Septemba, jina limefutwa. Na kila unapoondoka shule, omba barua ya mwalimu mkuu kabla hajahamishwa naye.

Jambo jingine: si lazima uanzie mbali. Shule za kimataifa ziko Dar es Salaam, Arusha, Nairobi, Kigali na Kampala, na baadhi huajiri walimu wasaidizi wenye stashahada. Mwaka mmoja kama msaidizi utakufundisha namna shule hizo zinavyopanga kazi zao.

Kila tangazo linataka "uzoefu wa PYP". Ndiyo nini? (Lushoto)

Ni kifupi cha Primary Years Programme, mtaala wa msingi wa shirika la International Baccalaureate, lililoanzishwa Geneva mwaka 1968. PYP yenyewe ilianza 1997, kwa watoto wa miaka 3 hadi 12. Haina kitabu kimoja cha kiada kama tulivyozoea. Kuna mada kuu sita, na kila mada inachanganya masomo. Chukua mada ya jinsi watu wanavyojipanga: ungekuwa unafundisha hapa ungewapeleka watoto soko la Mgandini, wakaulize samaki ametoka wapi, nani kampokea pwani, bei imepandia wapi. Wakirudi darasani, humo humo mna hesabu, maarifa ya jamii na uandishi. Mwalimu wetu mzuri hufanya haya kila siku, ila hajui kuyaita kwa majina ya kwao. Jifunze hayo majina.

Shule nyingine hufuata mtaala wa Uingereza: mwaka wa 1 na wa 2 ni watoto wa miaka 5 hadi 7, mwaka wa 3 hadi wa 6 ni wa miaka 7 hadi 11. Soma tangazo vizuri ujue unaomba wapi.

Naogopa usaili, Mwalimu. Kiingereza changu kina lafudhi ya nyumbani kabisa. (Muheza)

Lafudhi usiiogope, mdogo wangu. Katika shule niliyofundisha kulikuwa na lafudhi za kila bara, na watoto walituelewa sote. Shughuli yenyewe iko kwenye sauti za herufi. Sisi tumezoea silabi, ba be bi bo bu, na mtoto anasoma haraka kwa sababu irabu zetu ni tano na hazibadiliki. Kiingereza kina sauti kama 44 kwa herufi 26, kwa hiyo wao huanza na sauti moja moja, shule nyingi zikitanguliza s, a, t, p, i, n, kisha mtoto anaziunganisha. Mwalimu asiyetofautisha irabu ya "ship" na ya "sheep" atawachanganya watoto. Fanya zoezi hilo kila siku mbele ya kioo. Wakidai IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, kumbuka matokeo yake huhesabiwa miaka miwili tu, usikimbilie kuufanya kabla hujawa tayari kuomba.

Kuhusu usaili wenyewe, swali la ulinzi wa mtoto litakuja, jiandae. Mimi niliulizwa: mtoto anakunong'oneza kwamba nyumbani kuna mtu anamuumiza, na anakusihi usimwambie mtu, utafanya nini? Nilijibu nitamtunzia siri yake. Jibu hilo si sahihi, na walinisahihisha palepale. Mtoto haahidiwi siri ya namna hiyo. Unamsikiliza bila kumhoji sana, unaandika maneno yake kama alivyoyasema, na siku hiyo hiyo unampelekea mhusika wa ulinzi wa watoto shuleni. Nimeliweka moyoni tangu siku ile, na natamani kila shule yetu ingekuwa na mtu wa aina hiyo anayejulikana na watoto wote.

Somo la mfano likitakiwa kwa video, fundisha jambo moja dogo, na waonyeshe unavyomsaidia mtoto aliyekosea.

Kuna wakala ananiambia nimpe milioni tatu na pasipoti yangu, nafasi ipo tayari Ghuba. (Pongwe)

Usimpe hata shilingi, na pasipoti usiitoe mkononi. Wakala wa ajira hapa nchini anatakiwa awe na leseni ya Kamishna wa Kazi, muombe uione, kisha uliza ofisi ya serikali ya huduma za ajira kama wanamtambua. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unataka gharama hizi asibebeshwe mfanyakazi. Shule inayokutaka kweli itakuhoji yenyewe, itawapigia wadhamini wako, na itakutumia mkataba uusome kabla hujakata shauri. Tafuta namba ya shule mwenyewe, piga, uliza kama nafasi ipo.

Mkataba niuangalie wapi? (Chumbageni)

Kwanza mshahara wa msingi, kabla ya jumla. Katika Falme za Kiarabu, kwa mfano, kiinua mgongo ni siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo. Ukipewa fungu dogo la msingi na posho kubwa, mwezi unafurahia, siku ya kuondoka unaambulia kidogo. Kisha nyumba, bima ya afya, tiketi ya kurudi likizo, muda wa majaribio, na nani analipa ukivunja mkataba katikati. Mikataba mingi ya mwanzo ni ya miaka miwili.

Nimeajiriwa na serikali. Niondoke kimya kimya? (Handeni)

Hapana. Utoro kazini ni kosa la kufukuzwa, na doa hilo litakufuata mwajiri mpya atakapouliza rekodi yako. Andika barua kwa mwajiri kupitia kwa mwalimu mkuu: omba likizo bila malipo, au jiuzulu kwa notisi. Ulizia pia michango yako PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kabla hujaondoka.

Lini niombe? (Pangani)

Shule nyingi hufungua mwaka Agosti au Septemba, na matangazo huanza kutoka kama Oktoba na Novemba ya mwaka uliotangulia. Ukisubiri Juni utakuta mabaki. Cheti cha polisi cha tabia njema na vyeti vya kugongwa mihuri wizarani na ubalozini huchukua muda, vishughulikie mapema.

Nina mtoto wa miaka minne. Niende naye au nimwache kwa bibi yake? (Raskazone)

Mwanangu, hili ndilo lililonikalisha muda mrefu kuliko yote. Mimi wangu nilimwacha mwaka wa kwanza. Alikuwa na miaka mitano. Kila Ijumaa tulizungumza kwa simu, na mwezi wa tatu akaanza kuniita kwa jina langu, kama wanavyoniita wakubwa wa nyumba ile. Siku ile nilikwenda kwa mkuu wa shule kuuliza nafasi ya mtoto, nikaambiwa ilikuwepo tangu mwanzo: mkataba wangu ulinipa nafasi moja bila ada, na mimi sikuusoma mpaka mwisho. Shule nyingi hutoa nafasi ya mtoto mmoja au wawili, bure au kwa punguzo. Uliza kabla ya kutia sahihi, uliza wanapokea kuanzia umri gani, na viza ya mtoto inalipwa na nani. Na uliza nani atamchukua saa saba mchana, maana wewe utakuwa bado darasani.