Prado ya 1KZ inachemsha: usianze na gasketi
Ndugu, Prado uliyonunua juzi, injini 1KZ-TE, inapunguza maji bila kuvuja na kuchemsha mlimani? Mshukiwa wa kwanza ni silinda hedi, kile kipande cha juu kinachofunika silinda. Ni ya aluminiamu, na ikichemka vibaya hupasuka. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua rejeta, jaza maji, washa. Hewa kidogo ni kawaida. Mapovu yasiyokoma ni mgandamizo wa silinda unaopenya kwenye maji. Kisha fungua kifuniko cha oili injini ikiwa bado inawaka, bila kukanyaga pedeli ya mafuta: moshi ukipuliza kwa midundo, huenda ringi za pistoni nazo zimechoka. Kubadili gasketi tu, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, ni kutupa hela ikiwa hedi ina ufa. Hedi ipimwe ufa kwa presha kwanza. Kompresheni, yaani mgandamizo, ya silinda zote 4 ipimwe kwa geji ya dizeli. Ya petroli haimudu.