Siku ya mapumziko Iringa, ufunguo uache chumbani

Mdogo wangu usiende hifadhi ya Ruaha. Nimesoma hapo juu unatoka Dar kwenda Songea peke yako na pikipiki ya CC 150, Iringa umetenga siku moja ya kupumzika, halafu hiyo siku yenyewe unataka "kuruka Ruaha mara moja kuona tembo". Hayo maneno niliyasema mimi neno kwa neno na yamenitoa machozi, kwa hiyo salamu tutapeana baadaye.

Kwanza pikipiki haiingii hifadhini. Mimi nilijidanganya kwa sababu ya Mikumi, pale barabara kuu inakata katikati ya hifadhi kama kilomita 50 hivi na unapita na pikipiki yako kama kawaida, twiga wako pembeni, nikajua na Ruaha ni hivyohivyo. Pale Mikumi unaruhusiwa kwa sababu ile ni barabara ya umma tu. Ruaha nimefika getini na vumbi mpaka kwenye meno, askari akaniangalia, akaiangalia pikipiki, akaniambia "kaka, simba wa huku hawaulizi leseni". Nikageuza.

Lakini geti siyo lililoniumiza, kilichoniumiza ni njia. Kutoka Iringa mjini mpaka kule ni zaidi ya kilomita 100 kwenda tu, na kipindi kile ukishaiacha lami ni vumbi lenye mawimbi mawimbi kama bati la nyumba, pikipiki inatetemeka mpaka huoni kwenye kioo cha pembeni. Sasa fikiria, hiyo pikipiki jana yake imetoka Dar, imekula kilomita kama 500 na mlima Kitonga imeupanda nyuma ya malori, cheni imeshalegea na mimi sijaigusa, najiambia nitaikaza nikirudi jioni. Narudi, nimeshapita Idodi, nasikia kitu kinagonga kwa chini ka-ka-ka, kabla sijaachia mafuta cheni ikaruka, ikajikunja kule mbele kwenye sproketi ndogo, tairi la nyuma likafunga. Namshukuru Mungu sikuanguka. Nikainama kuangalia nikaona oili inatoka mstari mwembamba inanywewa na vumbi, cheni imepasua nyumba ya injini, ufa unaingiza ukucha. Na ile nati ya kukazia cheni upande wa kulia haikuwepo kabisa, imebaki boliti tupu inang'aa.

Nikakaa pale mpaka jua linazama ndio ikatokea Canter ya mpunga wakanipakia. Kipuri kikaagizwa Dar, kikaja na basi siku ya tatu, siyo chenyewe, kikarudi. Hela iliyotoka siitaji hapa maana wife naye anasoma humu. Na hela siyo kitu. Songea nilikuwa naenda kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yangu, mimi ndiye msimamizi wake, ananisubiri mimi. Nikakiona kwenye simu, nimekaa kwenye benchi la gereji nanuka oili, mtoto amesimamiwa na jirani. Mpaka leo dada hajawahi kunilaumu hata siku moja, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi.

Aliyenishauri ni rafiki yangu kabisa, "we Iringa siku nzima utakaa unaangalia ukuta? Ruka Ruaha, masaa mawili umefika". Baadaye nakuja kujua yeye alienda na Landcruiser ya kazini, amekaa siti ya nyuma, amelala! Nyie watu mnaoshauri safari za pikipiki na hamjawahi hata kubadilisha plagi, tafadhali muwe mnanyamaza, mtaua watoto wa watu.

Siku ya mapumziko pikipiki haiwashwi, basi. Haiwashwi hata kwenda kununua vocha. Mwaka uliofuata nilipita tena Iringa nikakaa siku nzima hivyo, na ndiyo siku nzuri kuliko zote kwenye ile safari. Asubuhi baridi, mikono bado inatetemeka ukishika kikombe kwa sababu ya jana, nikanywa chai ya maziwa na chapati mbili taratibu. Nikaomba ndoo nikaiosha pikipiki, nikapitisha spana kila nati, boliti mbili za keria zilikuwa zinazunguka kwa vidole! Cheni nikaisukuma kwa kidole chini katikati, icheze kama sentimita mbili mpaka tatu, nikaipaka oili. Mchana nikapanda kwa miguu Gangilonga, nikakaa juu ya jiwe naangalia mji, nikasinzia. Ukitaka kutembea mbali zaidi panda daladala nenda Kalenga ukalione fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, lile lililorudishwa kutoka Ujerumani 1954, ni karibu tu na unarudi mchana.

Ulikuwa umeuliza na mafuta na lodge, sijui nini na koti la mvua, wengine watakujibu. Mimi nasema lodge iwe na geti, basi. Jioni ukilala piga picha namba za kilomita kwenye dashibodi, kesho yake jioni piga tena, uziweke zote mbili hapahapa. Nataka nione namba hazijasogea.