Maswali na majibu: Ushuru hulipwa na nani, na mteja huenda wapi?

Tangu Marekani itangaze ushuru mpya wa forodha Aprili 2025 na China kujibu, barua zenu zimekuwa nyingi. Nimechukua tano. Nyingine nimezifupisha, maana kuna mliotuma kurasa.

Shikamoo mwalimu. Kila taarifa ya habari inasema Marekani imeitoza China ushuru. China huilipia wapi hiyo hela? (Msomaji, Mwanza)

Marahaba. Hailipii popote. Anayelipa ni aliyeagiza mzigo, kwenye forodha ya nchi yake, kabla kontena halijatoka bandarini. Kama unawajua wafanyabiashara wa Kariakoo, kinachofuata unakijua: atambana muuzaji wa kule apunguze bei, akishindwa atapunguza faida yake, na kinachobaki kitamwangukia mnunuzi. Mwaka 2018 Marekani iliweka ushuru kwenye mashine za kufulia zinazotoka nje. Wachumi waliofuatilia bei walikuta mashine hizo zimepanda kwa takriban asilimia 12. Za kukaushia nguo zikapanda pia, ingawa ushuru haukuzigusa, kwa sababu watu huzinunua mbili kwa pamoja na wenye maduka wanalijua hilo.

Ni kweli ushuru wa Marekani wa 1930 ndio ulioleta Mdororo Mkuu, lile anguko la uchumi wa dunia la miaka ya 1930? (Msomaji, Eldoret)

Hapana, ingawa wanasiasa hupenda kusema hivyo. Soko la hisa la New York lilianguka Oktoba 1929, na Rais Herbert Hoover akatia saini Smoot-Hawley, sheria iliyopandisha ushuru wa bidhaa za nje, Juni 1930. Kilichoumiza zaidi ni benki kufilisika na fedha kukauka mikononi mwa watu. Ushuru ulimkuta mgonjwa yuko kitandani, ukamnyang'anya blanketi.

Hoover alionywa. Wachumi 1,028 walimwandikia wakimsihi aikatae sheria hiyo. Kisa ninachokipenda hapa ni cha mayai. Marekani ilipandisha ushuru wa mayai kutoka senti 8 hadi 10 kwa dazeni, ili kuzuia mayai ya Kanada. Kanada nayo ikapandisha wake kutoka senti 3 hadi 10. Kumbe Marekani ndiyo iliyokuwa ikiuza mayai mengi Kanada kuliko iliyonunua! Biashara hiyo ikaanguka. Kisha mwaka 1932, mjini Ottawa, Kanada, Uingereza na wenzao wa himaya wakakubaliana kupeana nafuu ya ushuru wao kwa wao, Marekani ikiwa nje. Seneta Smoot na Mbunge Hawley, wenye sheria yao, wote wawili walipoteza viti mwaka huohuo.

Kurekebisha kulichukua muda. Mwaka 1934 Bunge lilimpa Rais Roosevelt mamlaka ya kukubaliana na nchi moja moja kupunguza ushuru, na mwaka 1947 nchi 23 zikatia saini GATT, mkataba wa kupunguziana ushuru wa biashara, mjini Geneva. Lakini ushuru unaweza kufutwa kwa kalamu. Mteja aliyekwisha kuhama hafuati kalamu. China ilipoitoza soya ya Marekani asilimia 25 mwaka 2018, wanunuzi wake walizidi kuegemea Brazil, na Washington ikalazimika kuwapa wakulima wake misaada ya takriban dola bilioni 28. Brazil haijaliachia soko hilo mpaka leo.

Je, sisi wa pwani tuliwahi kufanya biashara na Marekani kabla ya ukoloni? (Msomaji, Unguja)

Tena kwa mkataba rasmi. Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Zanzibar na Oman, alikubaliana na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, kwamba bidhaa za Wamarekani zitozwe asilimia 5 tu, basi. Uingereza ilipata mkataba wake miaka sita baadaye. Meli za Salem, Massachusetts, zikawa zinaleta merikani, yaani kitambaa cha pamba cha Kimarekani, na kuondoka na pembe za ndovu na sandarusi ya kutengenezea vanishi. Merikani ilikubalika bara kiasi cha kutumika kama fedha njiani. Halafu mwaka 1861 vikazuka vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, pamba ikakosekana, na nguo za Uingereza na Bombay zikajaza pengo. Vita vilipokwisha mwaka 1865 Wamarekani walirudi, ila soko halikuwa lao peke yao tena.

Marekani inaporomoka kama ilivyoporomoka Uingereza? (Msomaji, Muscat)

Ukiangalia ushuru peke yake utapotea. Uingereza ilifuta sheria zake za nafaka, zilizotoza ushuru nafaka ya kigeni, mwaka 1846 na kufungua soko, wakati Marekani na Ujerumani zikikua nyuma ya ukuta wa ushuru. Mimi huangalia nani anaweza kumbana nani. Mwaka 1956 Uingereza na Ufaransa zilipoivamia Misri kwenye Mfereji wa Suez, Marekani iligoma kuinusuru paundi, sarafu ya Uingereza iliyokuwa ikiyumba, na majeshi yakaondoka. Sasa tazama Aprili 2025: China iliweka masharti ya leseni ya kuuza nje madini adimu ya aina saba, yanayohitajika pia kwenye magari, viwanda vya magari vikaanza kulia, na Mei ushuru wa Marekani ukashushwa kutoka asilimia 145 hadi 30. Marekani haijaporomoka, ila imempata wa kumrudishia kofi.

Kwa nini Afrika Mashariki ilishindwa kuzuia mitumba? Viongozi wetu waoga? (Msomaji, Nairobi)

Uoga ni neno kali, dada. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya zilikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika, na Washington ikatishia kuondoa nafuu ya AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia huko bila ushuru. Kenya ikawa ya kwanza kurudi nyuma, Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ilishikilia: ushuru wa nguo za mitumba ulikuwa umepanda kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Kwa Kigali hasara ilikuwa ndogo, kwa sababu nguo ilizouza Marekani zilikuwa chache. Kenya ina viwanda vya EPZ, yaani maeneo maalumu ya kutengeneza bidhaa za kuuza nje, Athi River na kwingineko, vinavyoshona suruali za jinzi kwa ajili ya soko hilohilo, na maelfu ya wanawake wanategemea mishahara hiyo. Ningekuwa waziri Nairobi mwaka ule, nami ningerudi nyuma.