Faili la tuzo limenenepa, nipunguze nini?

Swali: Shikamoo dada, mimi lekchara wa takwimu hapa Moshi, wanafunzi wangu walikuwa wanafeli mpaka nikaanza kuwapeleka soko la Mbuyuni, sasa mkuu wa idara kanipendekeza tuzo ya ufundishaji bora, faili limefika kurasa 90 vyeti tupu, nifanyeje?

Jibu: Marahaba, na hongera mwalimu! Vyeti vya semina toa, kamati haipimi faili kwa kilo jamani. Andika kurasa mbili tu unafundishaje na kwa nini, halafu weka ushahidi, yaani lile somo la takwimu walilokuwa wanafeli mpaka ukaanza kuwapeleka Mbuyuni kukusanya bei za ndizi, bandika jaribio la kabla na la baada. Maoni ya wanafunzi weka hata ya mwaka uliochemka, useme ulibadilisha nini. Barua omba kwa mwenzio aliyewahi kukaa bench la nyuma akakuona ukifundisha, siyo shosti wa chai.