Unaanza utafiti wa vidonge? Usitegemee wastani

Wanafunzi wa famasia wanaoanza utafiti wa utengenezaji wa dawa huniuliza watumie programu gani ya takwimu. Huwaambia waanze na mizani, daftari na penseli. Mashine ikiwa inaendelea kugandamiza vidonge, chukua vichache kila baada ya robo saa, vipime, andika saa, kisha chora uzito kwa mfuatano wa muda. Walter Shewhart alibuni chati ya namna hii mwaka 1924, akifanya kazi kwenye kampuni ya vifaa vya simu huko Marekani, na hadi leo sijaona kitu rahisi kinachoizidi.

Mashine haipimi uzito. Inajaza tundu kwa ujazo, basi. Unga laini ukijitenga na chembechembe, yaani punje za mchanganyiko wa dawa zinazogandamizwa kuwa kidonge, uzito wa vidonge hubadilika kidogo kidogo tangu asubuhi, na wastani wa siku nzima ukabaki mzuri tu. Chati ndiyo itakayokuonyesha.

Hapa Dar kuna jambo jingine: unyevu wa hewa, hasa masika. Chembechembe zilizotoka kwenye oveni zikiwa kavu, ukiziacha wazi kwenye trei usiku kucha, zitanyonya maji. Kesho yake utaona utando mwembamba kwenye uso wa panchi, yaani chuma kinachogandamiza kidonge, halafu herufi zilizochapwa kwenye kidonge zinaanza kubanduka. Zifunge kwenye mfuko mzito wa nailoni zikishapoa, na upime unyevu wake tena kabla ya kugandamiza. Andika joto na unyevu wa chumba. Umeme ukikatika na kiyoyozi kikazima, andika na hilo, maana mwezi ujao hutakumbuka.

Ninalolisisitiza kuliko yote: usiguse mashine kwa sababu ya kidonge kimoja. Vidonge hupishana uzito hata mashine ikiwa salama. Ukikaza sasa na kulegeza baada ya dakika tano, unaongeza tofauti uliyotaka kuipunguza. Subiri uone mwelekeo, kisha tafuta chanzo.

Vipimo vya mwisho vifanye vyote. Kidonge kisichopakwa kitu juu lazima kisambaratike ndani ya dakika 15 kwenye maji ya nyuzi 37. Ila kikifeli hapo, kundi zima limeshatengenezwa. Kwa hiyo mpelekee msimamizi wako chati siku ileile, na umuulize fundi wa mashine alisikia nini uzito ulipoanza kushuka.