Gari la umeme au basi? Ninayoyaona kutoka yadi ya mabasi

Mleta mada ameuliza swali la msingi: mtu anayejali mazingira anunue gari la umeme au apande usafiri wa umma? Wachangiaji wamegawanyika kambi mbili, na mdau mmoja amesema gari la umeme ni kiini macho kwa sababu umeme wenyewe unatokana na makaa ya mawe. Mimi ni fundi kwenye yadi ya mabasi kwa miaka mingi sasa, kwanza mabasi ya dizeli na siku hizi ya umeme. Nyumbani pia tuna gari la umeme, kwa hiyo kambi zote mbili nazijua kwa ndani.

Hilo la makaa ya mawe tulimalize kwanza. Injini ya petroli hufikisha kwenye magurudumu kama robo tu ya nishati iliyomo kwenye mafuta, kilichobaki kinapotea kama joto. Mota ya umeme hutumia vizuri zaidi ya robo tatu ya inachochota kwenye betri, na ukishika breki sehemu ya nguvu inarudi betrini. Ni kweli kwamba kutengeneza betri kunatoa hewa ukaa nyingi, hivyo gari la umeme hutoka kiwandani na deni kubwa kuliko gari la petroli. Deni hilo hulipwa kadiri gari linavyotembea: upesi pale umeme unapotokana na maji, jua au upepo, taratibu pale unapotokana na makaa. Tena mitambo ya kufua umeme inaweza kubadilishwa gari likiwa tayari barabarani, likawa safi zaidi bila mwenyewe kufanya lolote. La petroli litachoma petroli mpaka siku linapouzwa skrepa. Kati ya hayo mawili, kwangu hakuna mjadala.

Lakini mleta mada kauliza kuhusu basi, na hapo hesabu ni nyingine. Basi kubwa la mjini la dizeli hunywa kama lita 40 kwa kilomita 100. Gari dogo la petroli hunywa 7 au 8. Maana yake basi lenye abiria watano linachoma mafuta, kwa kila kichwa, sawa na mtu aliye peke yake kwenye gari lake. Likiwa na abiria 40, kila mmoja anabaki na lita moja. Sasa weka umeme pande zote mbili. Basi hutumia takriban kilowati-saa (yaani uniti za umeme) 1.3 kwa kilomita, gari dogo kama 0.17. Basi linahitaji abiria wanane tu kulishinda gari lenye dereva peke yake. Asubuhi wanane hao wanapatikana kituo cha kwanza. Usiku sana naona mabasi yakirudi yadi na watu wawili watatu, na kwa safari hizo gari dogo lingechafua kidogo kuliko basi. Wapenzi wa mabasi wenzangu, tusilifiche hili.

Kinachonifanya nisimame upande wa basi hata hivyo ni betri. Basi la umeme hubeba betri ya kilowati-saa 300 hivi, gari la familia kama 60. Kwa hiyo betri ya basi moja ni sawa na ya magari matano. Hayo matano yanashinda yameegeshwa, yanatembea saa moja au mbili kwa siku, mara nyingi na mtu mmoja ndani. Basi linatoka alfajiri, linarudi usiku, na limeshabeba mamia ya watu. Uchimbaji wa lithiamu, nikeli na kobalti una gharama kwa ardhi, maji na watu. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako hata watoto wameonekana machimboni. Betri nyingi za mabasi ni za chuma na fosfeti, hazina kobalti kabisa. Madini yakishachimbwa kwa taabu yote hiyo, nataka yafanye kazi kutwa nzima. Na wala hili si jambo la kufikirika: jiji la Shenzhen, China, lilimaliza kubadilisha mabasi yake yote, zaidi ya 16,000, kuwa ya umeme mwaka 2017.

Sasa, abiria wanapatikanaje? Watu hudhani ni nauli. Luxembourg ilifuta nauli nchi nzima mwaka 2020, na bado ni miongoni mwa nchi za Ulaya zenye magari mengi zaidi kwa idadi ya watu. Ninavyoona mimi, abiria anafuata uhakika. Nimeshuhudia kampuni ikipunguza mabasi ya mchana ili kuokoa pesa. Waliokuwa wanasubiri dakika kumi wakaanza kusubiri nusu saa, wenye uwezo wakanunua magari, mabasi yakawa matupu zaidi, na utupu huo ukawa sababu ya kupunguza tena. Iliniuma, maana mabasi yenyewe yalikuwa mazima kabisa, yamelala yadi.

Dawa yake ni njia maalumu ya mabasi. Chukua ruti yenye mabasi 12 ambayo mzunguko mmoja kwenye foleni huchukua dakika 120: basi linapita kila dakika 10. Yapewe njia yao, mzunguko ushuke hadi dakika 80, na mabasi yaleyale 12 yatapita takriban kila dakika 7. Hujanunua basi jingine, hujaongeza betri wala dereva. Kwenye foleni gari la umeme halitoi moshi, lakini linachukua nafasi ileile ya barabara na kulichelewesha basi lililo nyuma yake. Norwei ililiona hili. Ili kuhamasisha watu wanunue magari ya umeme, iliyaruhusu kupita njia za mabasi. Yalipokuwa mengi yakaanza kuyazuia mabasi, na kwenye barabara ya kuingia Oslo ikabidi yawekewe sharti la kubeba angalau abiria mmoja saa za msongamano.

Kuna wanaohitaji gari kweli: wanaoishi mbali na barabara za mabasi, wenye ulemavu ambao vituo havijajengwa kwa ajili yao, wauguzi wa zamu za usiku. Hao wawe wa kwanza kupata magari ya umeme, tena madogo, maana gari zito linakula umeme zaidi na kusaga matairi zaidi, na vumbi la matairi tunalivuta sote.

Kwako mleta mada: kama basi linapita karibu nawe kila dakika kumi au chini ya hapo, panda basi na pesa ya gari ifanyie jambo jingine. Kama halipiti, chukua gari dogo la umeme na ubebe majirani. Na siku itakapopendekezwa njia ya mabasi kwenye barabara yako, hata ikigharimu maegesho ya mbele ya nyumba yako, nenda kwenye mkutano ukaiunge mkono. Wapinzani wake huwa hawakosi kuhudhuria.