Kilomita za mwanzo ndizo zinazokumaliza

Nimemaliza marathoni tano. Nyingine moja nilijiandikisha, nikalipa, kisha nikaishia pembeni ya barabara nikishangilia wenzangu huku nimeegemea mguu mmoja. Kipaji sina. Muda wangu bora ni 3:58:40, muda ambao wakimbiaji wa kweli wanautumia kumaliza mbio, kuoga na kulala usingizi. Lakini makosa ya mkimbiaji wa ridhaa nayajua kwa ndani, na kila nikiyachambua naona yamezaliwa na mama mmoja: pupa. Haya nakuandikia wewe uliyejiandikisha marathoni ya kwanza wiki hii na tayari unatafuta kasi.

Marathoni yangu ya kwanza nilitaka kuimaliza chini ya saa 4. Kwa kilomita 42 na mita 195, hiyo ni dakika 5 na sekunde 41 kila kilomita. Namba hiyo niliiandika mkononi kwa kalamu. Tulipoachiliwa tu, nikatazama saa baada ya kilomita ya kwanza: 5:12. Ya pili: 5:15. Mwili ulikuwa mwepesi kama nimeuazima kwa mtu, pumzi shwari, watu wanapiga makofi. Nikajiambia naweka akiba ya dakika, nitaila mbele nikichoka. Nusu ya njia niliipita kwa saa 1 na dakika 56, nikiwa nimeshaanza kutunga kichwani nitakavyowasimulia wenzangu kazini.

Nusu ya pili ilinichukua saa 2 na dakika 51.

Kilomita ya 34 kamba ya kiatu ilifunguka. Nikainama kuifunga, mapaja yakagoma, ikabidi nikae chini ukingoni mwa barabara. Vidole vinatetemeka, nakunja kitanzi cha kamba, kinaniponyoka, nakunja tena, kinaniponyoka. Chumvi ya jasho imenikaukia usoni kama unga. Nikiwa katika hali hiyo akapita mzee mmoja mwenye kofia nyeupe, hatua zake fupifupi, hazina mbwembwe. Nilimkumbuka. Nilimpita kilomita ya 6, tena nikamhurumia. "Inuka, kijana, ukikaa misuli itaganda," akasema bila kusimama. "Ndiyo, mzee," nikajibu, nikabaki nautazama mgongo wake mpaka ukapotea kwenye kona.

Kilichonipata si muujiza. Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini, akiba inayoitwa glaikojeni, na kwa mtu wa kawaida akiba hiyo yote hutoa kama kilokalori 2,000 hivi. Kukimbia nako kunakula takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito wako kwa kila kilomita, kwa hiyo mtu wa kilo 70 anahitaji karibu 3,000 ili afike mwisho. Mafuta ya mwilini huziba pengo, ila yanaungua taratibu, na kadiri unavyoongeza kasi ndivyo mwili unavyoyaacha na kuuvamia wanga. Zile sekunde 26 nilizojidai nazo kila kilomita asubuhi zilikuwa kuni za usiku nazichoma mchana. Wakimbiaji huita hali hiyo ukuta, na wengi hukutana nayo kuanzia kilomita ya 30. Siku ile nilijitukana sana kwa kukosa moyo. Nilijionea bure, moyo ulikuwepo, kuni ndizo zilizokwisha.

Hata walio juu kabisa hawaikwepi hesabu hii. Marehemu Kelvin Kiptum alipoweka rekodi ya dunia ya 2:00:35 kule Chicago mwaka 2023, nusu ya kwanza aliikimbia kwa dakika 60 na sekunde 48, ya pili kwa 59:47. Kama kuna mtu alikuwa na haki ya kuondoka kwa fujo ni yule, na bado aliweka moto wake nusu ya pili.

Basi kilomita 5 za kwanza kimbia polepole kuliko ulivyopanga, kwa sekunde 10 hadi 15 kila kilomita. Utapitwa. Utapitwa na watu wenye matumbo, utapitwa na mtu aliyevaa vazi la katuni. Waache. Baada ya hapo ingia kwenye mwendo wako na ukae humohumo mpaka kilomita ya 30, ndipo ujiulize kama kuna cha kuongeza. Mimi nililielewa hili kwa vitendo marathoni ya nne: nusu ya kwanza 2:00:10, nusu ya pili 1:58:30. Tofauti ni ndogo, lakini kuwapita watu kilomita ya 38 ukiwa bado unaweza kumsalimia mtu wa maji ni raha ambayo sijui niifananishe na nini.

Hapa niseme jambo kuhusu saa za GPS, zile za mkononi zinazopima umbali kwa setilaiti, maana nimeona watu wakilia kwa ajili yake. Njia ya mashindano hupimwa kwa mstari mfupi kuliko yote unaoweza kukimbiwa, sentimita 30 tu kutoka ukingoni kwenye kona, tena huongezwa mita 1 kwa kila 1,000 ili isije ikapungua. Wewe hukimbii mstari huo. Unapita watu, unatanua kwenye kona, unakata barabara kufuata maji, na saa yenyewe ina makosa yake. Kwa hiyo mwisho itakuandikia 42.6 hivi. Mita hizo 400 kwa mwendo wa 5:41 ni zaidi ya dakika 2. Ukilenga saa 4, usikimbie 5:41 ya saa yako. Kimbia 5:37, na uangalie muda kwenye vibao vya kilomita vya barabarani.

Pupa ya mazoezini ndiyo iliyonitoa kabisa. Baada ya aibu ya mwanzo niliamua dawa ni kilomita nyingi. Nilikuwa nakimbia 35 kwa wiki, nikapandisha hadi 60 ndani ya wiki tatu. Mapafu yalikubali. Mifupa ikakataa. Ndiyo mtego wenyewe: pumzi hujengeka ndani ya wiki chache, ukajiona shujaa, wakati mifupa na kano bado miezi kadhaa ziko nyuma. Maumivu yalianza mbele ya muundi, eneo refu kama kiganja, yakitulia nikishapata joto. Baada ya muda yakajikusanya mahali pamoja, nikaweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole, yakawa yananiuma hata nikipanda ngazi. Shika tofauti hiyo. Maumivu yaliyosambaa na yanayotulia ni onyo la kupunguza. Ya nukta moja juu ya mfupa ni ya kusimama siku hiyohiyo na kumwona daktari, kwa sababu mfupa unaweza kuwa umepata ufa. Mimi niliongeza wiki mbili za ubishi, nikalipa kwa wiki nane za kukaa.

Siku hizi najipa wiki 18. Kama bado huwezi kukimbia kilomita 10 bila taabu, usianze kuhesabu wiki za marathoni. Jenga kwanza hizo 10. Nakimbia siku nne kwa wiki, naongeza kidogokidogo wiki tatu, ya nne napunguza hata kama najisikia simba. Siku tatu kati ya hizo ni za mwendo wa kuongea: ukishindwa kutamka sentensi nzima bila kukata pumzi, umeshazidisha. Kwangu hiyo ni 6:40 kwa kilomita, karibu dakika nzima nyuma ya mwendo wa mashindano, na mwanzoni niliona haya kukutana na watu ninaowafahamu. Kwa mwendo huo mwili unajifunza kutumia mafuta, na kesho yake unaweza kutoka tena. Siku moja tu ndiyo ya kasi.

Ile mbio ndefu ya wiki nayo naipandisha kwa kilomita 2 kila mara nikilenga 30 au 32, ila ikifika saa 3 naikata hata kama kilomita hazijatimia. Watu huniuliza utajuaje kama unaweza 42 bila kuzijaribu. Hutajua. Ukizijaribu mazoezini, utatumia wiki tatu kupona badala ya kufanya mazoezi.

Tumbo nalo linafundishwa. Marathoni ya pili nilipewa jeli, ile ya sukari ya kumeza, kwenye meza ya njiani, aina nisiyowahi kuionja, nikameza mbili kwa mkupuo. Kilomita ya 24 nilikuwa kwenye foleni ya choo, nabana magoti, namba yangu ya kifuani imekunjamana kwa jasho, na wa mbele yangu hana haraka. Dakika 9 ziliishia pale, nikamaliza kwa 4:21. Lengo zuri ni gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Jeli nyingi zina kama gramu 25, kwa hiyo moja kila nusu saa inatosha, ukianza mapema kabla hujaisikia njaa. Ukingoja uchoke, umechelewa. Lakini aina utakayotumia siku ile iwe imeshapita tumboni mwako mara nne au tano kwenye mbio ndefu.

Maji yana hatari ambayo sikuwa naijua. Marathoni ya tatu jua lilikuwa kali, nikaogopa kukaukiwa, nikanywa vikombe viwili kila kituo, maji matupu. Kufika kilomita ya 35 vidole vimevimba, pete haizunguki, kichwa kinagonga na tumbo linacheza kama mtungi. Mtu wa huduma ya kwanza ndiye aliyenikataza kunywa zaidi. Maji yakizidi, chumvi ya damu hushuka, na watu wamewahi kufa kwa hilo kwenye marathoni. Kunywa ukisikia kiu. Hiyo kiu ni kipimo kizuri kuliko ratiba yoyote. Na dawa za maumivu kama ibuprofeni usizimeze kabla wala katikati ya mbio. Figo siku hiyo zina kazi ya kutosha.

Viatu sitavizungumzia sana. Vinavyokukaa vizuri, vyenye nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, na ambavyo vimeshakimbia angalau mbio ndefu moja au mbili. Paka mafuta mazito kwenye mapaja, kwapa na, wanaume, chuchu. Usicheke. Utanikumbuka bafuni.

Kuna habari ya John Stephen Akhwari ambayo kila anayetaka kukutia moyo atakusimulia: Mexico mwaka 1968 alianguka, akaumia goti, akachechemea mpaka mwisho zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Namheshimu mno. Lakini yeye alikuwa anaiwakilisha nchi kwenye Olimpiki, na wewe una kazi Jumatatu. Kama kiungo kinauma kwa namna inayokubadilishia hatua, toka. Marathoni zipo kila mwaka, goti la akiba halipo.

Wiki tatu za mwisho ni kupunguza: ya kwanza najiwekea kama robo tatu ya kilomita zangu, inayofuata nusu, ya mwisho ni mbio fupi tatu za kulainisha miguu. Jiandae kwa vituko vya kichwa. Utasikia koo linawasha, nyonga imeanza kuuma, utajiona umenenepa, na utashawishika kwenda kujipima kidogo. Mara ya tatu nilijipima kidogo siku nne kabla, kilomita 21 kwa kasi. Ndiyo ile ya jua kali, nikamaliza kwa 4:33, na sitalisingizia jua peke yake.

Ukivuka mstari, endelea kutembea, kula kitu ndani ya saa ya kwanza, na kesho yake ngazi shuka kinyumenyume, mapaja yatakushukuru. Wiki mbili usikimbie cha maana. Hapo pia nilianguka. Ile 3:58 ilinilevya, nikajiandikisha ya tano wiki saba baadaye wakati miguu bado inajenga upya, nikapata 4:19 na kikohozi cha mwezi mzima.

Inayofuata nimejipa miezi minane. Leo asubuhi nimekimbia kilomita 8 kwa 6:50. Kwenye kilima cha mwisho vijana wawili walinipita wakipiga soga, mmoja akageuka akaniamkia, "Shikamoo, polepole tu utafika." Nikaitikia marahaba, sikuongeza hata hatua.